Lita Moja ya Alfani

Pale Njia Nne, barabara ya Kipatimu inapoiacha lami ya kwenda Dar, bodaboda wote wana majina ya kupachikwa, na mengi hayafai kutajwa mbele ya wazazi. Alfani wa Kiswere ndiye aliyekuwa na jina zuri. Aliitwa Lita Moja. Jina hilo alijipa mwenyewe, akamlipa fundi rangi aliandike kwenye madigadi ya nyuma kwa herufi nyekundu, kisha akakaa kusubiri wenzake walizoee. Wakalizoea. Mtu akikurudia neno kila siku kwa miaka, hata usipomwamini utalitumia kwa kuchoka tu.

Maana yake ilikuwa hivi. Lita moja ya petroli ilimtoa Alfani Njia Nne ikamfikisha Kipatimu, hadi uwanja wa kanisa, abiria mmoja mgongoni na vilima vyote vya Umatumbi vikiwemo. Kilomita hamsini. Anayeijua barabara ile, na anayeijua pikipiki ile, ya Kichina, ya zamani, yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu, atacheka kidogo. Alfani hakucheka. Alikuwa amepima.

Na tumtendee haki, upimaji wake haukuwa wa kubahatisha. Aliiendesha pikipiki mpaka tangi likauke, rizevu nayo iishe, injini ikohoe na kunyamaza. Halafu aliisukuma hadi kwenye kibanda cha Mwanasha, mjane aliyeuza mafuta ya chupa ng'ambo ya barabara, akasema, "Bi Mwanasha, lita moja." Mwanasha alichomeka faneli na kumimina. Alfani wakati huo alikuwa ameinamia dashibodi, pua karibu iguse kioo, kwa sababu tarakimu ya mwisho ilikuwa na tabia ya kusimama katikati ya namba mbili na yeye alitaka kujua ni ipi hasa. Akishajua aliitaja kwa sauti, akashukuru, akawasha. Alifanya hivyo karibu kila wiki. Kwenye kilomita hakuna mtu angeweza kumlaumu.

Lita yenyewe hakuiuliza, na hapo alikuwa sawa na kila mtu wa barabara ile. Kwenye vimeza vya barabarani lita ni chupa. Chupa ya maji ikishatiwa petroli inaitwa lita, na maneno yanaishia hapo.

Abiria wake walikuwa na masharti. Mwavuli ufungwe, kwa sababu unashika upepo. Baibui likunjwe na kukaliwa. Mwenye gunia aliambiwa achague, litangulie gunia au atangulie yeye. Kwenye mteremko Alfani alizima injini, pikipiki ikateremka kimyakimya, na abiria aliyekuwa anasali alisikika vizuri. Kulikuwa na mama mmoja wa Kipatimu, Antonia, aliyekuwa akishuka mwenyewe kila kilima na kupanda kwa miguu, si kwa huruma ya injini, bali kwa sababu alikuwa hapendi kutazamwa kwa jicho lile. Alfani alikuwa na jicho la kumpima mtu kilo zake huku anamsalimia.

Hakuzaliwa na mambo hayo. Kwao Kiswere ni wavuvi, lakini bahari ilimtapisha tangu utoto, baba yake akakata tamaa. Alianza na baiskeli, akichukua ng'onda, samaki waliokaushwa, na kuuza vijijini, na huko ndiko alikojifunza kwamba kilima kinadai na mteremko unalipa. Aliwahi kuoa. Mke akarudi kwao Lindi, akawaambia wazee kwamba hana ugomvi na mumewe, ila amechoka kuishi na mtu anayeingiza kijiti kwenye kibatari kila asubuhi aone usiku umekula kiasi gani. Binti yao, Kadija, aliolewa hukohuko Lindi. Alfani akabaki Njia Nne, umri unakaribia hamsini, chumba kimoja cha kupanga, na jina. Chumba kilikuwa cha mtu mwingine. Jina lilikuwa lake, na ndilo alilolipenda.

Ndipo akaja Pazi. Kijana wa Mtwara aliyepitia Dar, pikipiki mpya ya Kihindi, bado ina nailoni kwenye kiti. Siku ya pili tu kijiweni aliyasoma yale maandishi mekundu, akauliza maana yake, akaelezwa, akamfuata mwenyewe.

"Shikamoo, mzee Alfani."

"Marahaba."

"Mzee wangu, hapo unatupiga kamba. Hii yangu ni mpya, na lita moja hainifikishi kanisani. Hiyo yako itafikaje?"

"Inafika," Alfani akasema.

"Labda kwa kusukumwa."

Watu wakacheka, na waliocheka ni walewale waliomwita Lita Moja kila siku. Hilo lilimchoma Alfani kuliko maneno ya Pazi. Akasimama akasema tupime, na atakayeshindwa afute maandishi yake. Pazi akasema yeye hana maandishi. Alfani akafikiri kidogo, akasema basi Pazi akishinda, yeye Alfani afute ya kwake. Kila mtu kijiweni aliona kwamba dau hilo lilikuwa la mtu mmoja, lakini hakuna aliyemzuia, kwa kuwa biashara siku hiyo ilikuwa mbaya na watu walihitaji jambo.

Mwenyekiti wa kituo alikuwa Dionis, mtu wa Kipatimu, zamani mwalimu wa katekisimu, mpenda taratibu. Alilishika shauri hilo kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa muuguzi, kwa hiyo Dionis aliazima jagi la zahanati lenye mistari, akatangaza kwamba petroli itapimwa humo, kwa usawa wa jicho, na itatoka sheli ya Nangurukuru.

"Si kwamba simwamini Bi Mwanasha," alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Bi Mwanasha ni jirani yetu sote. Lakini hatutaki mtu aje kusema amependelea."

Mwanasha aliyasikia. Alizipanga upya chupa zake, ambazo zilikuwa zimepangika. Jioni Alfani alipovuka kwenda kumpa salamu, alimwambia, "Baba Kadija, si lazima mpime."

"Tumeshakubaliana."

"Mpime kitu kingine. Mpime mwendo."

"Unaogopa nitashindwa?"

"Ndiyo," akasema Mwanasha.

Alfani alilichukua jibu hilo kuwa ni la mtu asiyejua mambo ya injini, akamwelezea tena, kwa upole, habari za kabureta yake. Mwanasha alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza kila wiki.

Jumamosi asubuhi walikusanyika. Dionis alikataa abiria, akisema mtu haaminiki kwenye mizani, anaweza kula njiani. Badala yake walijaza mchanga viroba viwili, wakavipeleka kwenye ghala la ufuta, wakavipima mpaka vikalingana kabisa. Matangi yakakaushwa. Dionis akapiga goti mbele ya jagi, jicho kwenye mstari, akamimina lita ya Pazi, akamimina lita ya Alfani, akaonyesha jagi tupu kwa watu wa kushoto na wa kulia. Yeye mwenyewe angefuata nyuma kwa pikipiki yenye tangi lililojaa. Ng'ambo ya barabara Mwanasha hakuwa kibandani. Alikuwa amefunga, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya Jumamosi.

Alfani aliendesha siku hiyo kuliko alivyowahi kuendesha. Alilala juu ya tangi, shati amelichomekea, akateremka akiwa amezima, akapanda kwa gia aliyoichagua toka chini ya kilima. Pazi aliendesha kama kijana, akiongea na simu. Walipita Chumo pamoja. Kwenye kilima kinachofuata pikipiki ya Alfani ilikohoa. Aliilaza ubavu, akaiinua, akaitikisa, akapata mita chache zaidi. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Dashibodi ilisema kilomita thelathini na tisa, na safari hii tarakimu ya mwisho ilikuwa imesimama vizuri, haina utata.

Pazi alikwenda mbele kilomita nyingine nne, naye akasimama. Hata yeye hakuliona kanisa. Dionis alipomfuata na kurudi, alimkuta Alfani amekaa juu ya kiroba cha mchanga, anautazama mteremko wa upande wa pili, ule ambao angeuteremka bure.

"Poleni, mzee Alfani," Dionis akasema. Alimpa wingi kama mtu anavyompa mfiwa.

Alfani alikuwa na maelezo. Upepo ulikuwa wa mbele. Kiroba cha mchanga hakikai kama mtu. Jagi la zahanati limezoea dawa. Kijiwe kilimsikiliza kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Jioni hiyohiyo alinunua rangi nyeusi akafuta madigadi mwenyewe. Akayapaka rangi mara moja tu, kwa uchumi, kwa hiyo jua likipiga herufi nyekundu zilionekana kwa chini, na mtu mwenye macho mazuri aliweza kuzisoma. Pazi, tuseme ukweli, hakumcheka. Alianza kumwita "mzee" tu. Wengine nao wakamwita mzee.

Iliuma. Hakuna haja ya kuzunguka, iliuma sana. Kuna watu wakipoteza jina wanabaki na nyumba, ukoo, shamba la minazi. Alfani aliingia chumbani mwake akaona hakuna kitu kingine. Akafungua kabureta akaisafisha. Akabadilisha plagi. Akanunua chujio jipya la hewa. Alikuwa na hakika kwamba pikipiki imeugua ghafla wiki ile ya mashindano, kwa sababu wiki iliyotangulia ilifika kanisani salama. Kila alipopima tena ilikuwa thelathini na tisa. Mafuta alikuwa akinunua Nangurukuru, sheli, kwa kuwa hakuwa na uso wa kuvuka barabara kwenda kwa Mwanasha, mtu aliyemwambia mapema kwamba atashindwa.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Halafu akaacha kupima. Hakuamua, aliacha tu, na mtu aliyeacha kupima hajui tangi lina nini, kwa hiyo siku moja mchana mafuta yakamwishia, na pikipiki ikachagua kusimama hatua chache kutoka kwenye kibanda cha Mwanasha. Alitazama kulia akatazama kushoto. Akaisukuma.

"Bi Mwanasha, habari za siku."

"Njema, Baba Kadija. Umepotea."

"Lita moja," akasema.

Mwanasha akainama chini ya benchi. Alfani hakuinama kwenye dashibodi. Hakuwa na haja nayo, iseme itakavyo. Macho yake kwa mara ya kwanza pale kibandani yalikosa kazi, akayaweka kwenye mikono ya Mwanasha.

Juu ya meza zilikuwa zimepangwa chupa nyembamba za maji, safu moja, zote zimefika shingoni na si zaidi. Ile aliyoitoa Mwanasha ilitoka uvunguni, imefungwa kipande cha kanga isipigwe na jua. Ilikuwa chupa ya juisi, nene, na ilikuwa imejaa hadi kwenye kizibo. Akachomeka faneli.

"Ngoja," akasema Alfani. "Mbona hii si kama zile?"

"Si kama zile."

"Hii ni lita?"

"Zile ndizo lita," akasema Mwanasha. "Hii ni yako."

Lori la korosho likapita barabarani, na Alfani alishukuru, kwa sababu kelele yake ilimpa muda. Akauliza jambo la kwanza lililomjia, ambalo lilikuwa la kipimo.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka eda."

"Miaka sita hiyo."

"Ndiyo."

Alimweleza huku faneli ikiwa bado imesimama kwenye tangi. Siku ya maziko ya mumewe watu walikwama Somanga hawana usafiri, na Alfani aliwafuata. Aliwaleta wawili wawili, akarudi, akaenda tena, kutwa nzima, na hakuchukua kitu kwa mtu. Yeye Mwanasha alikuwa ndani dirishani, analia, na hata katika kulia alimwona.

"Wewe nilikuwa nakufahamu," alisema. "Kila mtu alikuwa anakufahamu. Mtu wa kuzima injini. Siku ile hukuzima. Hukuinama kwenye dashibodi hata mara moja. Nikasema, huyu nikianza biashara nitamjazia."

Alfani hakuikumbuka siku ile kwa kilomita, na kwa hiyo ni kama hakuikumbuka kabisa. Alikumbuka vumbi, na kwamba alilala bila kula.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Mwaka wa kwanza nilidhani unajua na unaona haya. Mwaka wa pili ukaenda kuandika kwenye madigadi." Akazibua chupa. "Kila wiki unanivukia barabara kuja kumsifu Mchina. Nikasema haya, na asifiwe."

Hapo Alfani aliona aibu ambayo mashindano hayakumpa. Jina alilolililia halikuwa la kabureta yake, wala la kulala juu ya tangi, wala la jicho lake la kupima watu. Lilikuwa la mkono wa mwanamke huyu, na yeye kila mkono ule ulipofanya kazi alikuwa ametazama pengine. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa kinapanda haraka, na kilikuwa furaha.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa chupa imekaa na mafuta tangu mlipokwenda kupima. Petroli inavukiza, Baba Kadija. Nimimine, au niirudishe?"

"Mimina," akasema Alfani.

Akatazama mpaka tone la mwisho.

Kijiweni aliwaambia mwenyewe, wote, siku ileile, bila kupunguza. Pazi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akavuka barabara kwenda kuomba na yeye chupa ya juisi, akauziwa nyembamba. Dionis alitaka kujua kama matokeo yake yanabaki halali, akahakikishiwa kwamba yanabaki. Baada ya mwezi wa Ramadhani ami yake Alfani akaja kutoka Kiswere kupeleka posa kwa kina Mwanasha, Dionis akamsindikiza, na ingawa alikuwa ameombwa anyamaze alitoa hotuba fupi kuhusu uaminifu katika vipimo. Posa ikakubaliwa hata hivyo.

Tangu ndoa hiyo Alfani anapewa chupa nyembamba, iliyofika shingoni na si zaidi. Alipouliza, mkewe alimjibu kwamba nyongeza hupewa mteja, na yeye si mteja tena. Pikipiki sasa inafika kile kilima cha baada ya Chumo, inakohoa, na Alfani anashuka, anafungua mfuko anaofungiwa nyumbani, anatoa chupa ya pili na, chini yake, mihogo ya kuchemsha bado ya moto. Injini haizimwi tena mteremkoni. Abiria wameona, na Antonia siku hizi hashuki kilimani.

Mwezi uliopita alimwita fundi rangi. Hakumwambia aandike upya. Alimwambia akwangue ule weusi, herufi nyekundu zitokee zilivyokuwa, halafu aongeze maneno mawili mwishoni. Madigadi sasa yanasomeka LITA MOJA NA KITU.

Dionis aliyasoma akiwa amesimama nyuma ya pikipiki, mikono mgongoni. Lile jagi la zahanati lilikuwa bado kwake, hajalirudisha.

"Na hicho kitu," akauliza, "ni kiasi gani?"

Alfani alitazama ng'ambo ya barabara.

"Sijapima," akasema.